Mtoto wangu yuko mwaka wa tatu kwa Kichina, nani ataniambia amefika wapi?

Kwako Mhariri,

Juzi Jumamosi nilikuwa natembea na binti yangu kule Kilimani, kuna jengo linajengwa wamelizungushia mabati na hapo kwa geti wamebandika kibao cha njano chenye herufi mbili kubwa za Kichina. Nikamwuliza, Wambui, hapo wameandika nini? Akasimama akaangalia vizuri akasema, "moyo mdogo". Nikamwuliza moyo mdogo ndio nini sasa, akaniambia mama ni hivyo tu, hii ya kwanza ni ndogo na hii ya pili ni moyo, laoshi alitufundisha. Laoshi ndio wanavyomwita mwalimu. Nikapiga picha na simu, na Jumatatu nikamwonyesha kijana mmoja tunauza naye hapo Kamukunji, alisomea Guangzhou huko China, akaniambia Mama Wambui, hiyo inasomwa xiaoxin, inamaanisha chunga, jihadhari. Kweli ukizitoa moja moja ni ndogo na moyo, lakini zikikaa pamoja ni onyo, mtu anakwambia hapa juu kunaweza kuanguka mawe.

Yaani mtoto amesoma herufi zote mbili sawasawa, hajakosea hata moja, na bado angepita chini ya hayo mawe.

Nimekaa na huo moyo mdogo wiki nzima ndio nikaona wacha niandike kwa gazeti lako, maana najua si mimi peke yangu, kuna wazazi wengi hapa Nairobi wamepeleka watoto Kichina na wanalipa karo na hawana njia yoyote ya kujua mtoto amefika wapi, wanangoja tu ripoti.

Wacha nieleze vizuri. Binti yangu yuko gredi ya 3 kwa shule moja ya kibinafsi, jina silitaji kwa sababu sijaandika kugombana na mtu. Ni shule ambayo nusu ya siku watoto hufundishwa kwa Kichina chenyewe. Sisemi lile somo la Kichina la mara mbili kwa wiki, nasema hesabu, mazingira, kuchora, kuimba, hata kuambiwa nenda ukanawe mikono, yote ni Kichina kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tano na nusu, halafu anaingia mwalimu mwingine na sasa ni Kiingereza na Kiswahili mpaka jioni. Alianza hivyo gredi ya kwanza. Tulimpeleka kwa sababu mimi nauza vyombo vya jikoni Kamukunji, sufuria, vikombe, chupa za chai, na karibu kila katoni yangu inatoka Yiwu, mji wa soko huko China, na miaka yote hiyo nimekuwa naongea na wauzaji kwa mashine ya kutafsiri ya simu. Kuna mwaka niliagiza sufuria na vifuniko vyake nikaletewa vifuniko peke yake, katoni arobaini, sufuria hakuna. Hiyo siku nilimwambia baba yake huyu mtoto lazima ajue hii lugha, na sijajuta, nataka lieleweke hilo kabla sijaenda mbele.

Shida ni ripoti. Kila muhula inakuja, Kichina: kuzidi matarajio. Muhula wa kwanza, kuzidi matarajio. Wa pili, kuzidi matarajio. Sasa ni mwaka wa tatu na bado anazidi, lakini matarajio ya nani, na amezidi kwa nini, kwa kusikia ama kwa kusema ama kwa kuandika, hakuna mahali pameandikwa. Halafu siku ya wazazi wanavalishwa nguo nyekundu wanaimba wimbo mzuri sana wa Kichina na sisi tunapiga makofi na wengine tunalia, mimi nimelia, lakini mtoto anaweza kushika wimbo mzima bila kujua neno hata moja limemaanisha nini, sisi wenyewe tuliimba nyimbo nyingi za Kiingereza hivyo hivyo tukiwa wadogo.

Kiswahili naweza kumpima mwenyewe. Nikimpa hili gazeti asome kichwa cha habari najua hapo amesoma na hapo amekwama. Kiingereza pia. Kichina mimi ni kipofu, mtoto akifungua kitabu hata sijui kama amekishika juu chini, na nafikiri hapo ndio shule nyingi zinatupata sisi wazazi, si kwa ubaya, ni kwamba hakuna mtu nyumbani wa kuuliza swali la pili.

Kitu cha kwanza kilinifungua macho kilitokea kwa duka moja la vyakula vya Kichina huko huko Kilimani, mwaka jana. Nilimwambia leo utanunua peremende mwenyewe kwa Kichina mimi nitasimama kando. Akaenda kwa kaunta akasema maneno yake bila kuogopa, na yule mama wa duka akacheka kidogo, kicheko kizuri tu, akainama akamwuliza kwa Kiswahili, "wewe mtoto unauza supu?" Kumbe kwa Kichina kununua ni mai na kuuza ni mai, peremende ni tang na supu ni tang, tofauti iko kwa sauti tu, unashusha ama unapandisha ama unaiacha ikae juu. Kununua sauti inazama halafu inainuka, kuuza inaanguka moja kwa moja kama mtu anakata neno. Peremende inapanda, supu inakaa juu bila kutikisika. Wambui alikuwa na maneno yote manne kamili, alikuwa anataka kununua peremende, akatangaza anauza supu. Yule mama akamrudia polepole mara tatu hivi na kila mara anachora sauti hewani na kidole, na alipopatia akampa peremende mbili akakataa pesa.

Toni ziko nne na moja nyepesi isiyo na mkazo. Nikajiuliza mbona nyumbani hakuna mtu alisikia hilo kosa, na jibu ni rahisi, tunasikia kwa masikio ya Kiswahili na Kiswahili hakina toni. Lakini Kikuyu kina toni, Kijaluo kina toni, shosho yake, yaani nyanya yake, huko Nyeri anatofautisha maneno kwa sauti kila siku bila kufikiria. Nilipompeleka likizo nikamwambia shosho mwongeleshe Kikuyu tu, na akirudi nikaona sikio lake limeamka, si ati ni utafiti, nasema tu nilichoona kwa mtoto wangu, na siku hizi sikubali mtu aniambie Kikuyu kitamchanganya.

Baada ya hilo duka nikaanza kusoma sana usiku nikimaliza kazi, nataka kujua wazazi wa kwingine hufanyaje. Nikajua hii njia ya kufundisha masomo kwa lugha ngeni ilipata jina kubwa huko Kanada mwaka wa 1965, mji wa Saint-Lambert karibu na Montreal, na walioianzisha hawakuwa serikali, ni wazazi. Wazazi wanaoongea Kiingereza waliona watoto wao wanasoma Kifaransa miaka na hawawezi kuongea na majirani, wakasukuma bodi ya shule mpaka ikakubali kufungua darasa moja la chekechea kwa Kifaransa. Na hapa ndipo nataka wasomaji wasimame kidogo, kwa sababu tangu mwanzo wasomi wa chuo cha McGill waliwafuata wale watoto mwaka hadi mwaka, wakiwapima Kifaransa, wakiwapima Kiingereza, wakiwapima hesabu, na kuwalinganisha na watoto wa madarasa ya kawaida. Hawakungoja wamalize shule ndio waulize kama ilifanya kazi. Waliona mwanzoni watoto wako nyuma kwa kusoma Kiingereza, mzazi asiyejua angetoa mtoto mbio, lakini Kiingereza kilipoanza kufundishwa darasani walifikia wenzao. Na waliona jambo lingine ambalo mimi limenisaidia sana, kwamba kusikia na kusoma Kifaransa walikaribia wenye lugha yao lakini kuongea na kuandika kulibaki na makosa miaka mingi. Kwa hivyo mtoto hapandi kama lifti, huku anaweza kuwa juu na huku bado yuko chini, na ripoti yenye neno moja haiwezi kuonyesha hilo.

Kichina pia kina historia yake huko Marekani, San Francisco walifungua shule ya aina hii mwaka wa 1981, na jimbo la Utah lina mpango wa serikali wa nusu siku lugha moja na nusu siku nyingine, walimu wawili, kama shule ya mwanangu kabisa. Lakini wao watoto wakifika gredi fulani wanafanya mtihani unaopima kusikiliza kando, kuzungumza kando, kusoma kando, kuandika kando, na mzazi anaambiwa mtoto yuko ngazi ya anayeanza, ya kati ama ya juu, kwa kila kimoja. Hilo tu. Hata mtu asiyejua neno moja la Kichina anaelewa.

Nilifanya pia hesabu ya masaa kwa sababu mimi ni mtu wa biashara napenda kujua nimenunua nini. Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wao lugha inasema mtu mzima anayeongea Kiingereza anahitaji masaa kama 2200 ya darasani kufika mahali pa kufanya kazi kwa Kichina, na Kihispania ni kama 600 hadi 750. Binti yangu anapata kama masaa matatu kwa siku ukitoa mapumziko, siku tano, wiki kama 36 kwa mwaka ukitoa likizo, hiyo ni masaa 540 kwa mwaka, kwa hivyo mpaka sasa ana karibu 1500. Mtoto si mwanadiplomasia na hayo masaa hayafanani, anajifunza kujumlisha na kufunga kamba za viatu hapo hapo, lakini inanipa picha. Masaa 1500 ni mengi vya kutosha kuuliza swali, na ni machache vya kutosha kuwa na subira. Huko China kwenyewe mtoto akimaliza darasa la pili anatarajiwa kutambua herufi kama 1600 na kuandika kama 800, na huyo anaishi ndani ya lugha kutoka kuzaliwa, siwezi kudai hilo kwa mtoto wa South B. Kuna mtihani wa watoto wa kigeni unaitwa YCT una ngazi nne, ya kwanza maneno 80, ya pili 150, ya tatu 300, ya nne 600. Hizo ni namba mama kama mimi anaweza kushika.

Sasa niseme nilichofanya mwaka huu, labda kuna mzazi litamfaa.

Mwezi wa pili nilikata picha kwa kalenda ya zamani, ni picha ya soko, kuna mama anauza matunda, kuna mbwa, kuna mtoto analia, nikaibandika kwa ukuta wa jikoni. Kila tarehe moja ya mwezi Wambui anasimama mbele yake anaieleza kwa Kichina mimi namrekodi na simu, simsaidii, simsahihishi, hajui nitauliza nini, picha ni ile ile. Mara ya kwanza alichukua sekunde kumi na nne. Zhe shi mama, zhe shi gou, zhe shi pingguo. Huyu ni mama, huyu ni mbwa, hili ni tofaa, basi. Nilivunjika moyo kidogo, nilitegemea zaidi. Mwezi wa tatu karibu vile vile. Wa nne likizo, ikarudi nyuma. Lakini mwezi wa saba alisimama hapo akaangalia yule mtoto wa picha akasema haizi ku le, yinwei gou chi le ta de pingguo. Mimi sikuelewa kitu, nilisikia tu ni ndefu na uso wake umebadilika, amekuwa kama mtu anasimulia habari. Nikampelekea yule kijana wa Kamukunji ile sauti, akanipigia simu mwenyewe badala ya kuandika, akaniambia Mama Wambui, amesema mtoto amelia kwa sababu mbwa amekula tofaa lake. Kwa sababu! Picha haionyeshi mbwa akila tofaa, hiyo sababu ameitunga yeye, kwa Kichina, kichwani mwake. Nilisikiliza ile rekodi kwa matatu mpaka nikapitishwa steji.

Hakuna ripoti imewahi kunipa furaha kama hiyo, na hakuna ripoti iliwahi kunionyesha shida niliyopata wiki iliyofuata.

Kwa sababu nilikuwa na furaha nikataka kujua na kusoma. Vitabu vyao vina herufi za Kichina na juu ya kila herufi kuna pinyin, yaani sauti yake imeandikwa kwa alfabeti hii yetu, ni njia iliyopitishwa China mwaka wa 1958 na inasaidia sana mtu anayeanza. Wambui alinisomea ukurasa mzima kama maji. Halafu yule kijana, alikuwa amekuja nyumbani Jumapili, akachukua vipande vya karatasi na selotepu akafunika pinyin peke yake, herufi zikabaki wazi, akamwambia haya soma tena. Kimya. Mtoto aliangalia ule ukurasa kama hajawahi kuuona. Kati ya herufi 30 alisoma tisa, na machozi yakaanza kumlenga, nikamwambia wacha, si kosa lako, njoo tule. Na kweli si kosa lake. Miaka karibu mitatu alikuwa anasoma alfabeti yetu akidhani anasoma Kichina, na sisi tulidhani hivyo, na ripoti ikasema amezidi matarajio.

Mhariri, mtu anaweza kuniambia pinyin si mbaya, na sijasema ni mbaya. Nasema hakuna mtu alikuwa anaangalia ni lini itaanza kuondolewa.

Hesabu ilikuwa kinyume chake kabisa. Mwezi wa tano nilimwuliza kwa Kiswahili, ishirini na nne gawanya kwa nne ni ngapi, akaniangalia tu. Kwa Kiingereza, hivyo hivyo. Baba yake akashtuka akasema huyu mtoto hajui kugawanya na yuko gredi ya 3, tumtoe. Nikamwambia ngoja. Nikamwaga maharagwe 24 kwa meza, nikaweka vikombe vinne, nikamwambia hivi vikombe vinataka kupata sawa. Hata hakuhesabu moja moja, aliweka sita, sita, sita, sita, huku anasema chini chini chu yi, chu yi, hilo ndilo neno lao la kugawanya. Hesabu anaijua. Neno ndilo hana kwa Kiswahili. Hizo ni shida mbili tofauti na dawa zake ni tofauti, moja ungemtafutia mwalimu wa hesabu na nyingine unahitaji wiki mbili za kuongea naye mkigawana chapati. Tungemtoa shule kwa sababu ya neno moja. Na siku hizi kila jioni anamwambia baba yake kwa Kiswahili kitu kimoja alichosoma asubuhi kwa Kichina, mwanzo ilikuwa kazi ngumu, sasa anakatiza watu wakiongea.

Nilienda shule na daftari langu nilimokuwa naandika haya yote. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri lakini akaniambia, Mama Wambui, Kichina ni lugha ngumu, usiwe na haraka, mtoto anaendelea vizuri, ripoti unaiona. Nikamwambia mwalimu, sina haraka, mimi nataka tu kujua anaenda na kasi gani. Hatukuelewana siku hiyo. Lakini nikitoka laoshi wake alinifuata mpaka kwa geti. Ni msichana mdogo, alikuja mwezi wa tano, ni laoshi wa tatu kwa hilo darasa tangu mtoto aanze, wanakuja kwa mkataba mfupi wanarudi kwao. Akafungua daftari langu akaanza kupiga picha kurasa, moja baada ya nyingine, na kwa Kiingereza cha polepole akanieleza kwamba alipofika alipewa orodha ya majina na maksi, basi, hakuna kitu kingine. Hakujua nani anasoma bila pinyin na nani hawezi. Hakujua ni herufi gani walishafundishwa. Alianza tu mahali kitabu kilifunguka. Nilimwonea huruma kweli, na nikawaza yule wa kwanza na wa pili waliondoka na kila kitu walichojua kuhusu mtoto wangu ndani ya kichwa chao, kikapanda ndege.

Sasa ombi langu ni faili. Kila mtoto awe na faili inayomfuata kutoka mwalimu hadi mwalimu, na ndani yake kila muhula kuwe na rekodi moja ya sauti yake akieleza picha, ukurasa mmoja aliouandika mwenyewe bila kunakili, na orodha ya herufi anazosoma pinyin ikiwa imefunikwa. Haigharimu kitu, simu kila mwalimu anayo. Ripoti nayo iache hayo mambo ya kuzidi na kukaribia peke yake, iniambie mtoto anaweza kufanya nini, kwamba anaweza kununua kitu dukani na kuelewa bei akiambiwa, kwamba anaweza kusoma kibao cha barabarani, kwamba bado hawezi kuandika sentensi tatu bila kuangalia, niambiwe tu ukweli siwezi kuzimia. Hesabu ipimwe na kwa Kiswahili ama Kiingereza angalau mara moja kwa muhula, tena kwa vitu vya kushika mkononi, na Kiswahili chake kiangaliwe kwa faili hiyo hiyo, maana nusu ya siku imeondolewa mahali na lazima tujue imeondolewa wapi. Halafu mara moja kwa mwaka ama hata miaka miwili mtoto apimwe na mtu wa nje asiyelipwa na shule.

Watu wa kufanya hivyo hapa wapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius, ile ya kufundisha Kichina na utamaduni wake, tangu 2005, ilikuwa ya kwanza Afrika nzima, na Kenyatta nao wana yao. KICD, taasisi ya serikali inayotunga mtaala, ilitangaza mwaka wa 2019 kwamba Kichina kitaingia mtaala kuanzia gredi ya 4, kwa hivyo hili si jambo la shule chache za watu wenye pesa, linakuja kwa watoto wengi ambao wazazi wao hawatakuwa na rafiki aliyesomea Guangzhou. Mimi nilikuwa na bahati ya huyo kijana na yule mama wa duka. Wachina wenyewe wana redio ya Kiswahili kutoka Beijing tangu 1961, marehemu baba yangu alikuwa anaisikiliza akinyoa ndevu, na sisi wasikilizaji ndio tulikuwa mtihani wao kila siku, wakikosea tunajua. Watoto wetu nao wanataka masikio ya kuwasikiliza hivyo.

Na kwa wazazi wenzangu, tafadhali msione aibu kwamba hamjui Kichina. Hata mimi sijui. Kufunika pinyin na karatasi hakuhitaji ujue kitu, wala kurekodi. Msimlinganishe mtoto wako na wa jirani, mlinganishe na rekodi yake ya mwezi wa pili. Na akikwama msimwonyeshe uso ule wa kuvunjika moyo, mimi niliuonyesha mara moja na ikachukua wiki mbili kabla akubali kusoma tena mbele yangu.

Laoshi alianza kuondoa pinyin juu ya herufi walizozizoea, kidogo kidogo, mwezi wa tisa Wambui alisoma 17 kati ya zile 30. Mkataba wake unaisha Disemba na ameniahidi ataandika kurasa mbili kuhusu kila mtoto amwachie mwenzake, amesema atafanya hata kama hajaulizwa, na mimi nimepeleka nakala ya daftari langu ofisini na kubaki na nakala yangu. Mwalimu mkuu amesema tutakaa tuongee tena kabla shule hazijafungwa. Tarehe moja tunarekodi, ile picha ya soko bado iko kwa ukuta, imeanza kupauka upande wa jiko lakini mbwa anaonekana.

Mama Wambui,
South B, Nairobi